Ree na Seti: Kuchagua Mtindo wa Kucheza Poka kwenye Simu

Usiku wangu wa kwanza wa poka niligaiwa ree ya shupaza, ile yenye A, na seti ya kopa, nikajiweka sawa kwenye kiti cha mapokezi kama mtu aliyeokota pochi. Mpemba gani asingefurahi? Kwenye wahedi wa sitini, mchezo wetu wa karata wa barazani, ree ni 11 na seti ni 10, kwa hivyo nimeshika 21 na hakuna aliyeteremsha hata karata moja. Mtu akapandisha dau, nikamfuata. Mezani zikafunuliwa karata tatu, moja ni ree. Nikasema leo ndiyo leo, nikatumbukiza chipu zote. Mwenzangu wala hakufikiri. Akafuata, akafunua ree na mzungu wa nne, yaani mfalme. Sote wawili tuna jozi ya ree, lakini ya pembeni yake ni mzungu wa nne na yangu ni seti, na katika poka seti si chochote ila saba: juu yake kuna nane, tisa, kumi, ghulamu, bibi na huyo mzungu wa nne mwenyewe. Nikabaki natazama skrini. Mgeni wa chumba cha juu akashuka kuomba maji, nikampa funguo.

Mie ni mtu wa Wete, Pemba, nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wageni hapa Shangani, Unguja, mwaka wa tano huu. Karata nilifundishwa na ami yangu barazani, kabla sijaanza skuli. Poka niliijulia kazini. Na nilitangulize hili ili tusigombane: nacheza kwa chipu za bure tu, zile ambazo programu inakupa kila siku ukiifungua. Kamari hukumu yake inajulikana na mie si shekhe wa kuirejea hapa. Programu hizo hukuuzia chipu kwa pesa halali ukiishiwa, usinunue. Zikiisha, lala, kesho utapewa nyengine.

Nilichojifunza kwa kuliwa sana ni kwamba hakuna anayeanza poka bila mtindo. Unakuja nao kutoka mchezo mwengine. Wahedi wa sitini hauna kutupa mkono: ukigaiwa mbovu unacheza mbovu, unatafuta namna ya kupunguza hasara mpaka karata ya mwisho. Ndiyo maana sisi tuliokulia barazani tukifika kwenye poka tunaingia kila mkono, tunafuata kila dau, tukidhani kuondoka ni woga. Hapo ndipo pa kuanzia.

Maneno machache kabla hatujaendelea

Nazungumzia ile iitwayo Texas Hold'em, ndiyo inayochezwa zaidi mtandaoni. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Unachagua tano bora katika saba. Kabla ya kugaiwa, watu wawili wanaweka dau la lazima, mmoja dogo na mwengine kubwa. Zamu yako ikifika unaweza kutupa karata zako, kufuata dau lililopo au kupandisha. Kama hakuna aliyeweka kitu, unaweza kupita bure. Chipu zinazorundikana katikati nitaziita kapu. Na kuweka dau kubwa huku huna kitu, ili mwenzako atupe, nitakuita kuzuga, maana ndivyo kulivyo.

Jengine la kuwaonya watu wa baraza: kwetu mzungu wa tatu, yaani ghulamu, ana thamani kuliko mzungu wa pili, yaani bibi, 3 kwa 2. Kwenye poka bibi yuko juu ya ghulamu. Mie ilinichukua wiki kulizoea, na wiki hiyo haikuwa ya bure.

Jihesabu kwanza

Mtindo wa mtu unajibiwa na maswali mawili. Katika mikono 100 unaingia mingapi kwa hiari yako? Na katika hiyo uliyoingia, mingapi umeingia kwa kupandisha, si kwa kufuata? Mengine yote ni mapambo.

Usijibu kwa kichwa, kichwa kinajipendelea. Chukua karatasi. Mie nilichukua nyuma ya fomu za zamani za kuandikisha wageni, nikachora safu tatu. Safu ya kwanza, kistari kwa kila mkono niliogaiwa. Ya pili, kistari kila ninapotia chipu kwa hiari kabla ya karata za mezani. Dau la lazima halihesabiwi, wala ukipita bure. Ya tatu, kistari kama hizo chipu nilizitia kwa kupandisha. Mikono 100 ilinichukua usiku mmoja na nusu, kwa sababu usiku wa kwanza ulikuja msafara uliochelewa boti na nikabeba mabegi mpaka saa saba.

Nilijiona mtu makini sana. Safu ya pili ilikuwa na vistari 54. Ya tatu, 6.

Yaani zaidi ya nusu ya mikono niliingia, na karibu yote kwa kufuata tu. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea. Hesabu ya karata haikubaliani kabisa na uchezaji kama huo. Jozi mkononi huja mara 1 katika 17. Jozi ya ree, mara 1 katika 221. Na karata mbili zisizo jozi zinakutana na mwenzao kwenye zile tatu za mezani kama mara 1 tu katika 3. Sasa mtu anayeingia mikono 54, anaingia na nini? Na upepo.

Wavuvi wanne

Wazungu wana majina yao kwa aina za wachezaji. Mie nimekulia pwani, nazikumbuka vyema zaidi kwa uvuvi.

Kuna mtu wa juya. Huyu anakokota kila kitu, dagaa, mwani na kandambili mbovu. Anaingia mikono mingi na anafuata tu, hapandishi, hatupi. Ndiye mie wa vile vistari 54. Huyu hushindi kwa kumtisha kwa sababu hana habari ya kutishika, na yeye hashindi kwa sababu anashindana na njia moja tu ya kushinda: awe na karata bora mwisho wa safari. Anayepandisha ana njia mbili. Ama karata zake ni bora, ama wengine wametupa kabla haijajulikana.

Kuna mtu wa dema. Ametega, amekwenda zake. Anaingia mikono michache na anaingia kimya. Akipata jozi ya ree anaificha na kufuata, akisubiri samaki waingie wenyewe. Mara nyengine wanaingia. Mara nyingi anafungua dema na kukuta kisamaki kimoja, kwa sababu hakuna aliyeombwa alipe.

Mtu wa baruti unamjua. Anapandisha mkono huu, ule na ule mwengine, hata hajatazama karata zake, nadhani. Kelele kubwa, samaki wengi siku moja, na siku nyengine ameondoka kabla chai haijapoa.

Na kuna mtu wa mshipi. Anachagua ndoana, anakaa. Mikono mingi haimhusu. Ukiuma, anavuta kwa nguvu na haachii. Kwa vistari, kwenye meza ya watu sita anaingia kama 20 hadi 25 katika mikono 100, na sehemu kubwa ya hiyo anaingia kwa kupandisha.

Anza na mshipi. Silisemi hili kwa kuwa ndio mtindo bora wa dunia nzima. Nitakuonesha chini kwamba kuna meza unamgharimu mwenyewe. Ni kwa sababu makosa yake ni ya bei nafuu. Mkono ulioutupa mwanzo haukuli kitu. Pia unakupunguzia maamuzi magumu: ukiingia na ree na mzungu wa nne, karata za mezani zikija unajua uko wapi. Ukiingia na karata ya kumi na karata ya tano za rangi mbili, tuseme moja kopa na moja pau, hata ukipata jozi ya kumi hujui kama umepata au umepatikana.

Karata gani basi? Hizi ndizo zangu, kwa meza ya watu sita. Nikiwa wa mwanzo kusema: jozi kuanzia nane kwenda juu, ree na mzungu (karata ya picha) yeyote, mzungu wa nne na bibi. Nikiwa mwishoni na wengine wametupa naongeza jozi zote ndogo, ree na chochote cha rangi moja, na zinazofuatana za rangi moja kama nane na tisa za pau. Nikiingia napandisha mara tatu ya lile dau kubwa la lazima. Karata ikiwa haifai kupandishiwa, kwa kawaida haifai kuingiwa. Ree na seti za rangi mbili, ambazo ni ishirini na moja yako ya Pemba, zinatupwa. Zikikutana na ree na mzungu wa nne zinashinda kama mara 1 katika 4. Na seti na mbili za rangi mbili, kwa taarifa yako, ndizo karata za kuanzia zinazosemwa kuwa mbovu kuliko zote katika poka. Masikini seti, huku mfalme, kule ombaomba.

Utasikia hoja ya kinyume. Nina rafiki wa Jang'ombe anayeingia kila anapogaiwa karata ya kumi na karata ya mbili, kwa sababu Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1976 na tena 1977, na mkono wa mwisho miaka yote miwili ulikuwa kumi na mbili. Ni kweli kabisa. Brunson alikuwa anajua ni nani aliyekaa mbele yake. Rafiki yangu hata jina la meza halijui.

Kiti ni nusu ya mtindo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa simu wanapopapita. Kwenye skrini kuna kidude cha duara kinachohama kutoka mtu hadi mtu, kwa mwendo wa saa. Mwenye kidude ndiye wa mwisho kusema baada ya karata za mezani kufunuliwa. Wale wawili wa mkono wake wa kushoto ndio wenye dau la lazima, nao hapo ndio wa mwanzo kusema.

Kusema mwisho maana yake umeshaona wengine wamefanya nini, bure. Barazani kwetu mzee akitaka kununua ng'ombe hasemi bei. Anakunywa kahawa mpaka kila mtu ameshasema yake. Ndiyo hiyo.

Kwa hivyo mtu hawi na mtindo mmoja hata ndani ya dakika tano. Nane na tisa za pau, nikiwa wa kwanza kusema, nazitupa bila majuto. Karata hizo hizo, kidude kiko kwangu na wote wametupa, napandisha. Ukirudi kwenye karatasi yako yenye safu tatu, ongeza alama ndogo ya duara pembeni ya kila mkono uliocheza ukiwa na kidude, na nukta kwa uliocheza ukiwa wa mwanzo kusema. Duara zikiwa chache kuliko nukta, mtindo wako umegeuzwa kichwa chini, hata kama idadi ya mikono ni nzuri.

Mtindo hautoki kwenye tabia yako

Mie ni mtu mpole. Kazi yangu ni kusema karibu, samahani na pole kwa lugha nne. Nilidhani basi nicheze kipole. Wengi hushauriwa hivyo, cheza kama ulivyo. Sikubaliani. Mtu mpole anayefuata kila dau anagawa chipu zake kwa upole.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walitoa programu iitwayo Pluribus, ikawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake. Programu haina upole wala hasira, haina ami. Na jambo moja waliloliona kwenye uchezaji wake ni kwamba karibu haingii mkono kwa kufuata tu lile dau la lazima, isipokuwa ikiwa imekaa kwenye kiti cha dau dogo. Ama inapandisha, ama inatupa. Nilipolijua hilo nikakumbuka vistari vyangu: 54 toa 6.

Kinachoamua mtindo ni watu waliokaa mezani. Kwa hivyo ukikaa, mikono 20 ya mwanzo cheza kidogo sana na tazama sana. Kila mmoja muulize kimoyomoyo yale maswali mawili: anaingia mara ngapi, na akiingia anapandisha au anafuata? Zaidi ya yote tazama karata zikifunuliwa mwisho. Mtu aliyefuata madau matatu makubwa akafunua jozi ya nne amekwisha kukupa anwani yake.

Kwenye chipu za bure, meza nyingi ni za juya. Watu wanne, watano wanaingia kila mkono, maana hakuna kinachowauma. Meza hiyo inataka mambo haya.

Usizuge. Kabisa. Ukizuga kwa dau la nusu ya kapu, unahitaji mwenzako atupe angalau mara 1 katika 3 ndipo usile hasara. Ukizuga kwa kapu zima, mara 1 katika 2. Mtu wa juya hatupi hata moja katika kumi. Nimewahi kuzuga mara tatu mfululizo kwa mtu mmoja mwenye picha ya paka; mara zote tatu alifuata, mara ya mwisho na bibi mmoja asiye na jozi, akashinda. Paka yule ninamwona mpaka leo nikifumba macho.

Pandisha zaidi ya kawaida kabla ya karata za mezani. Jozi ya ree ikikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote, inashinda kama mara 85 katika 100. Ikikutana na wanne, inashuka mpaka karibu 56. Mkono ni ule ule, umati ndio umebadilika. Kwa hivyo badala ya mara tatu ya dau la lazima, weka mara tano, na uongeze dau moja kwa kila aliyekwisha kufuata. Bado watakufuata wawili. Sawa, lakini wamelipa.

Na ukipata, weka dau kila hatua. Hapa ndipo mtu wa dema anapojidhulumu: ana jozi ya ree na mezani kuna watu wenye hamu ya kulipa, yeye anapita kimya ili asiwashtue. Watu wa juya hawashtuki, bwana. Waombe walipe, watalipa.

Kusubiri rangi itimie, yaani karata tano za rangi moja, nako kuna hesabu yake. Juzi nilikuwa na kopa mbili, mezani kopa mbili, imebaki karata moja. Kapu lina 600, mtu ameweka 300. Mie nalipa 300 kupata 900, yaani natakiwa nishinde mara 1 katika 4 ili nitoke sare. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 nisizoziona, kama mara 1 katika 5. Haitoshi, mtu wa hesabu angetupa. Lakini nilimjua mwenzangu kwamba kopa ikija atanilipa chipu zake zote bila kuiona, na alikuwa na 2,000 mbele yake. Nikafuata. Haikuja. Ulikuwa uamuzi sahihi na nikaliwa, na poka imejaa mambo ya hivyo. Mbele ya mtu wa dema ningetupa karata hizo hizo, maana yeye kopa ya tatu mezani akiiona tu anafunga duka.

Meza ya watu wa dema ni nadra kwenye bure, ila ukipanda meza za chipu nyingi utaikuta, kwa sababu waliofika huko wamezitafuta kwa muda na zinawauma. Hapo sasa mshipi mtupu unakugharimu. Ukisubiri karata nzuri nao wanasubiri karata nzuri, mnakaa kama abiria wa boti iliyofutwa. Panua. Ukiwa na kidude au karibu nacho, pandisha na karata za wastani, uchukue lile dau la lazima. Wanatupa, wanatupa, wanatupa. Siku mmoja wao akakupandishia juu yako, usimbishie. Tupa hata jozi ya tisa, anayo.

Mtu wa baruti ndiye pekee ninayeinuka kwa ajili yake. Programu nyingi zinakuruhusu kuhama kiti kikiwa wazi. Kaa kushoto kwake, ili yeye aseme kabla yako. Halafu hapa, na hapa tu, rudi kwenye juya kidogo: acha apandishe, wewe mfuate na jozi ambayo kwa mtu mwengine ungeitupa. Ukimpandishia mapema na mkono mzuri unamwamsha. Ninasubiri ree na mzungu au jozi ya kumi, ninakaa kimya, anajilipua mwenyewe.

Mambo mawili ya haraka. Ukibakiwa na chipu chache, chini ya madau 20 makubwa ya lazima, achana na jozi ndogo na zile za kufuatana. Jozi ndogo hupata ya tatu kwenye karata tatu za mezani kama mara 1 katika 8 na nusu, na kwa madau 20 hakuna wa kukulipa hiyo subira. Na cheza meza moja tu. Najua simu inakuruhusu nne. Umeme ukikatika Mji Mkongwe, intaneti ya nyumba inakwenda nao, na programu inakuhesabia sekunde na kukutupia karata zako. Afadhali upoteze mkono mmoja kuliko minne.

Mori

Kuna mtindo wa tano ambao hakuna anayeuchagua. Umeliwa isivyo haki, damu imepanda, na mikono mitano inayofuata unacheza kama mtu wa baruti aliyelewa. Kiswahili kina neno lake, mori, na hakuna mchezo uliolistahiki zaidi.

Mimi mori wangu una dalili: naacha kuweka vistari. Karatasi ipo, kalamu ipo, lakini mkono hauendi. Nikiiona karatasi ina mikono kumi bila alama, najua. Mwanzo nilijiwekea sharti la kuacha nikijisikia vibaya, halikufaa kitu, kwa sababu mwenye mori hujisikia vizuri sana. Sasa sharti ni la hesabu: nikipoteza mara mbili ya chipu nilizokalia meza, nainuka. Nafungua mlango wa mbele, nasimama kwenye kizingiti. Shangani saa tisa za usiku hakuna kitu ila paka, na upepo wa bahari unaotoka upande wa Forodhani. Nachemsha chai. Nikirudi, ninaanza karatasi mpya, si kuendeleza ile. Na adhana ya alfajiri ikilia nafunga, hata nikiwa na jozi ya ree. Imewahi kutokea. Iliniuma mpaka saa nne.

Kila mikono 100, hesabu upya. Nilipotoka 54 na 6 nilishuka kwa kishindo mpaka 12 na 9, nikawa mwoga wa kupindukia, watu wakitupa kila ninapogusa chipu. Ilinichukua karatasi saba au nane kupanda tena na kutulia kwenye 23 na 18. Meza ya juya ikinijia nashuka kidogo, ya dema napanda mpaka 30. Mabadiliko hayo uyafanye kwa hatua, vistari vitano-vitano, la sivyo hutajua kilichokusaidia ni kipi.

Likizo iliyopita nilikwenda Wete na nikampelekea ami karatasi zangu, nikamweleza mchezo mzima pale barazani, kikombe cha kahawa mkononi, kashata kwenye sahani. Alisikiliza vizuri. Alipenda sana habari ya kidude na kusema mwisho. Alikubali kwamba mtu wa baruti akaliwe kushoto. Halafu akauliza, "Na ree na seti, unafanyaje?"

Nikamwambia, "Natupa, ami."

"Mkononi unazo zote mbili."

"Zote mbili. Natupa."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akachukua kikombe chake na sahani ya kashata, akahamia upande wa pili wa baraza kwa wenzake, akaanza kuchanga karata.